Viti Vilivyofika Mapema

Mji wetu ni barabara moja. Inaingia kwenye kituo cha mafuta kisicho na mafuta, inapita sokoni, inapita kwa mwenye duka la dawa, inatokea kwenye tangi la maji, basi, umemaliza kuutembelea. Ukipiga chafya asubuhi chooni kwako, kabla hujarudi ndani umeshaulizwa mafua yamekushika lini. Wageni wa kutoka miji mikubwa wakija huku wanasema, "Ah, mna raha ninyi, mnajuana!" Tunajuana, ndiyo. Hapo hapo kwenye kujuana ndipo ninapotaka kuanzia, maana habari hii mpaka leo inanichoma, na anayetaka kuniambia eti yamepita, aende akamwambie mama yake.

Mimi ni Mama Viti. Jina nililopewa na wazazi, nikiitwa nalo nageuka nyuma kumtafuta mwenyewe. Viti vyenyewe si vyangu, ni vya mtaa, vya plastiki, kila kimoja kimepakwa rangi nyekundu chini ili watu wa mtaa wa juu wasijisahau wakaondoka navyo. Vinakaa chumba changu cha nyuma pamoja na turubai, mabeseni na yale masufuria makubwa. Mtu akioa, ni viti hivyo. Mtu akifa, ni hivyo hivyo. Kikao cha maji, mgeni kutoka mbali, hivyo hivyo. Wanaokuja kupika ni wanawake wale wale, na anayevuta mkokoteni ni yule yule tunayemwita Polepole, kwa sababu hajawahi kuwa na haraka hata siku nyumba yake ilipoungua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Pindo. Suruali aliyoishona yeye ingechakaa magotini, ingetoboka makalioni, ingeishia kuwa tambara la kupigia deki, lakini pindo lingekuwa pale pale halijafumuka hata uzi mmoja. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha linalotazama barabara, cherehani cha kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wateja ambalo kwa kweli lilikuwa letu sisi wambea. Aliwahi kuolewa, akarudi, akasema, "Nimejaribu, sikupenda." Hakuna aliyepata zaidi ya hapo, hata mimi niliyechimba sana.

Mdomo alikuwa nao, jamani. Siku moja mwalimu mkuu alileta suruali ipanuliwe kiunoni kwa mara nyingine tena. Pindo akamzungushia ile kamba ya kupimia, akaitazama, akasema, "Mwalimu, kwenye suruali kitambaa kimekwisha. Iliyobaki sasa ni kukupunguza wewe." Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyokuwa, anakuchoma na unamshukuru.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamfunga mdomo: mdogo wake wa kiume. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Yule kijana alikuwa fundi ujenzi mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mama yao alipofariki, simu huku zilikuwa bado za kuhesabu, na mazishi yalikuwa ya haraka. Pindo alimtuma kondakta wa basi apeleke habari. Mwenyekiti wa wakati ule naye alisema angepeleka. Jamaa mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda huko, naye alisema angepita. Kila mmoja akajua mwenzake kafika. Kijana wa watu hakuambiwa kitu.

Alikuja mwezi uliofuata kwa matembezi yake, anapiga mluzi, mkononi kashika sweta jipya la mama yake. Nilikuwepo. Aliingia mlangoni akauliza, "Mama yuko wapi?" Alipoelewa, alimtazama dada yake akasema, "Dada, hata wewe?" Na Pindo, mwenye uchungu wake na uchovu wake, akamjibu kwa mdomo ule ule wa kumjibu mwalimu mkuu: "Mtoto gani anangoja kuitwa kwa mama yake?" Yule kijana akaliweka sweta juu ya benchi, akatoka, akapanda basi lile lile lililomleta. Hakukanyaga tena hapa. Akaoa huko, akapata mtoto wa kike huko, na Pindo alisikia kwa watu tu.

Miaka ikaenda. Tukazeeka. Siku moja mvua zikiwa ndiyo zinaanza, tumekaa mimi na yeye, simu yake ikalia. Alikuwa na pini mdomoni. Alisikiliza kidogo, akazitema zote chini.

"Ni wewe?" akasema. "Ni wewe kweli?"

Alikuwa yeye. Alisema anataka kuja Jumamosi ya wiki ile inayokuja, na akauliza kama aje. "Unaniuliza?" Pindo akamfokea huku machozi yanamtiririka. "Unaniuliza mimi? Njoo, bwana! Njoo!" Alipokata simu akanigeukia. "Na wewe unatoa macho ya nini? Okota pini hizo kabla sijachomwa."

Nikaokota. Kisha nikamwuliza, maana mimi ndivyo nilivyo, "Umemwomba radhi?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini? Mpigie."

"Sitamwomba kwa simu," akasema. "Lile neno nilimwambia tukitazamana, na hili nitamwambia tukitazamana. Akae hapo ulipokaa wewe, nimwone uso. Tumengoja miaka yote hii, wiki moja itatushinda?"

Wiki ile mtu aliyekuwa hajui kwamba mdogo wake Pindo anakuja, basi alikuwa bado hajazaliwa. Aliwaambia wateja, aliwaambia wapita njia, nadhani aliwaambia hata kuku. Akaniagiza viti: "Jumamosi asubuhi, Mama Viti. Na uniletee vizima, usiniletee vile vya kumwangusha mgeni." Akatoa sandukuni kitambaa cha kijivu alichokuwa akikiweka siku zote bila kusema cha nani, akaanza kumkatia suruali. Kiuno alikuwa kamwuliza kwenye simu, na urefu alisema anao kichwani, miguu ya mama yao ile. Katikati ya furaha hiyo simu yake ikavimba betri. Akaipeleka kwa fundi simu, naye fundi simu, kama kawaida yake, akasema kesho.

Jumatano jioni jukwaa la ujenzi lilikatika huko mjini, yule kijana akaanguka. Namwita kijana, alikuwa na mvi tayari. Hakufika hospitali.

Mkewe akampigia Pindo, simu haipatikani. Akampigia tena na tena. Mwisho akapekua namba za mumewe, akamkuta mwenye duka la dawa wetu, aliyesoma naye. Mwenye duka la dawa akapokea habari hiyo akiwa anafunga mlango. Sasa sikiliza. Kutoka dukani kwake mpaka kwa Pindo ni kurusha jiwe. Lakini akaona habari nzito kama hiyo ipelekwe na mkubwa, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamsikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, nimesikia." Mwenye duka la dawa akaondoka akijua mwenyekiti anakwenda kumwambia. Mwenyekiti akabaki akijua kapewa taarifa tu, Pindo mwenyewe ameshaambiwa, maana huwezi kufika kwa mwenyekiti bila kupita dirishani kwa Pindo. Kila mmoja akaanza na lake. Mmoja akawaambia wanawake wa kupika, mwingine akatafuta mtu wa turubai. Usiku haujaingia vizuri, mji mzima ulikuwa umejua. Kila aliyesikia alishika kichwa, akasema maskini Pindo, akamwambia aliye karibu naye. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara.

Mimi nilijua asubuhi. Mwenyekiti alinigongea akasema, "Toa viti. Mdogo wake Pindo amefariki." Nikakaa kizingitini. Nikamwuliza, "Mwenyewe ameambiwa?"

"Ameambiwa jana. Si mwenye duka la dawa ndiye aliyepokea simu?"

Nikafuta machozi, nikamwita Polepole, tukapakia. Kupitia ukutani nilisikia cherehani kinakwenda. Nikasema moyoni, maskini, anajikaza kwa kazi, kila mtu na namna yake ya kulia.

Tulipofika na mkokoteni, akatoka mlangoni na ile kamba yake shingoni.

"Alaa! Mama Viti! Leo Alhamisi!" Alikuwa anacheka. "Mmeona nilale navyo kabisa nivizoee?"

Nilishawahi kuona mjane aliyecheka siku nzima ya msiba wake, akalia wiki nzima baadaye. Nikasema na huyu ndiyo hivyo, tumwache. Nikaanza kushusha viti. Polepole akavua kofia. Wanawake wakaingia na masufuria, wakashika mafagio, wakafagia ua wote kimya kimya, hakuna aliyemtazama usoni. Watu wa turubai wakachimbia nguzo. Na Pindo kasimama mlangoni, mikono kiunoni, uso umemng'aa.

"Kumbe mnanipenda hivi, jamani?" akasema. "Siku zote mnaficha!"

Dada mmoja aliyekuwa akifagia aliacha ufagio akakimbilia nyuma ya nyumba. Pindo akacheka, "Na huyo kaona nyoka?" Kisha akanishika mkono akaniingiza ndani. Ile suruali ya kijivu ilikuwa juu ya cherehani.

"Shika," akasema. "Ishike vizuri, si kwa vidole kama umeokota panya. Unaona? Mguu mmoja nimeshapiga pindo, umebaki huu. Akifika tu anavaa. Akikataa, Mama Viti, wewe unamshika mikono, mimi namvua ile aliyokuja nayo. Hapa hapa, mbele ya mkewe!"

Nikamtazama machoni. Hakuwa mtu anayejikaza. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa mtu mwenye furaha, basi, anayemngoja mdogo wake Jumamosi.

Mungu wangu, sijui nilitokaje mle ndani. Nilikwenda uani nyuma, nikamkuta mwenyekiti, mwenye duka la dawa, na wale wanawake. Nikawauliza kwa sauti ya chini, maana ningeiachia ingefika tangini: "Nani amemwambia?"

Mwenyekiti akamtazama mwenye duka la dawa. Mwenye duka la dawa akamtazama mwenyekiti.

"Mimi nilidhani wewe..."

"Mimi? Wewe si ndiye uliyepigiwa?"

"Nilikuletea wewe ili uende!"

"Hukusema niende! Ulisema amefariki!"

Wanawake wakaanza nao. Huyu alijua amesikia kwa yule, yule alijua majirani wameshaingia, na wote wakanigeukia mimi wa ukuta kwa ukuta. Tulikuwa tunang'atana kwa minong'ono kama wezi wanaogombania mgawo. Katikati ya hayo cherehani kikanyamaza.

Alitokea kwenye mlango wa nyuma. Alitutazama mmoja mmoja. Akayatazama masufuria yale makubwa, ambayo hakuyaagiza. Akamwona Polepole na kofia mkononi.

"Nani?" akauliza.

Mwenyekiti akaanza kutazama viatu vyake. Mwenye duka la dawa akashikwa na kikohozi. Watu wazima hao, wenye wake na wajukuu! Basi nikasema mimi. Nilitaka kuzunguka, niseme anaumwa, niseme amelazwa, nimpeleke taratibu. Lakini alikuwa ananitazama, nikaona nikimzungusha tena hata kidogo sitakuwa na uso wa kumwangalia.

"Mdogo wako, dada. Ameanguka kazini jana. Amefariki."

Hakuanguka. Alivitazama viti, tulikuwa tumeshavipanga safu nzuri kabisa. "Mmepanga mpaka viti," akasema, "na mimi bado hamjaniambia." Kisha akamgeukia mwenye duka la dawa. "Jana jioni nilikuita dirishani. Nikakwambia rafiki yako Jumamosi yuko hapa. Ukanijibu nini?"

Yule bwana alikuwa analia. "Nilisema haya, karibu sana. Nilijua mwenyekiti yuko njiani. Nikasema nisimwahi."

Pindo akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani atamtukana, na ningemsaidia kutukana. Lakini akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndivyo tulivyomfanya."

"Nani, dada?"

"Yeye. Siku ya mama. Ndivyo tulivyomfanya, halafu nikamwambia lile neno."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na hapo ndipo kilio kilipotoka. Mimi nimepeleka viti kwenye misiba mingi. Kilio kile nikikikumbuka mpaka leo naacha ninachofanya.

Jumamosi mdogo wake alikuja, siku aliyoahidi. Waliteremsha jeneza mbele ya dirisha lile, na nyuma yake wakashuka mkewe na binti yake, mtoto aliyekuwa na paji la uso la Pindo kabisa. Mkewe alileta begi alilokuwa amelifunga marehemu mwenyewe kwa safari. Ndani yake mlikuwa na sweta la kike. "Alisema safari hii ni la dada," mkewe akasema. Akaongeza, "Na alisema, wifi, akifika hataki yale ya zamani yatajwe kabisa. Alisema yeye ameshayamaliza."

"Yeye, ndiyo," Pindo akasema. "Mimi nilikuwa sijayamaliza."

Makaburini watu walipoondoka alibaki, nami nikabaki nyuma yake hatua chache. Alikaa chini, akasema na udongo. Alisema lile neno alilokataa kulisema kwa simu. Nililisikia lote, na silisemi hapa, ni lao wawili.

Baada ya hapo mji ulimpenda sana, kwa ule upendo wetu wa kuchelewa. Walimletea unga, walimletea kuni, mwenyekiti alimwezekea paa upya, na fundi simu akaacha kusema kesho. Alipokea vyote, akashukuru. Hakuhama, wala hakumnunia mtu. Aende wapi? Aliendelea kushona, mapindo yake yakawa yale yale, na mara moja moja utani ukamtoka. Ile suruali ya kijivu aliitundika ukutani, mguu mmoja una pindo, mwingine unaning'inia nyuzi. Sweta alilivaa hata jua la kupasua vichwa.

Lakini kitu kimoja kilimharibikia na hakikutengenezeka. Watu wawili watatu wakisimama pamoja karibu na mlango wake, hata kama wanabishana mambo ya mpira, cherehani kinanyamaza. Anatokea na kamba shingoni, uso umekauka, anauliza, "Nani?" Wanamwambia, hakuna kitu, mama, tunaongea tu. Anawatazama usoni mmoja mmoja mpaka aridhike, ndipo anarudi ndani. Watoto walianza kumwigiza, mmoja nikamvuta sikio mpaka mama yake akaja kunishtaki, nami nikamwambia alete na la kwake.

Na viti. Kila nilipovitoa ilikuwa lazima vipite dirishani kwake, njia nyingine hakuna. Siku ya kwanza baada ya msiba nilikuwa navipeleka harusini, nikamkuta kasimama katikati ya barabara, kashika mkokoteni, anauliza nani, Polepole hana la kufanya. Tangu siku hiyo nikajiwekea desturi. Nikifika pale kwenye kona ya nyumba yangu, kabla hajasikia magurudumu, nilikuwa napaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Vya harusi, dada! Vya harusi!" Au, "Vya kikao cha maji!" Na kama ni msiba, nilimwacha Polepole konani na mkokoteni, nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni, nikamwambia ni nani, nikangoja akae, ndipo viti vikapita. Mji mzima ulinicheka, eti Mama Viti sasa anauza samaki. Wacheke. Yeye alikuwa anainua mkono dirishani, bila kuinua kichwa, kunionyesha kwamba amesikia.

Alikufa msimu huu uliopita wa kiangazi, kifua kilimchosha. Nilikuwa nimemshika mkono. Alipokwisha, sikumwachia mtu kazi ya kupeleka habari. Mwenyekiti alikuja akasema tayari kuna mtu anampigia yule binti wa mdogo wake, nikamwambia kaa hapo, usiniguse. Nilimpigia mwenyewe, nikamwambia mwenyewe, nikangoja kwenye simu mpaka nikamsikia analia, ndipo nikaamini kwamba ameambiwa.

Kisha nikaenda kutoa viti. Polepole siku hizi mgongo umempinda, tukawa tunasukuma wawili. Tulipofika konani, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Dirisha lilikuwa wazi, suruali ya kijivu ikionekana ukutani. Polepole akasimama bila kuambiwa, akavua kofia, akangoja kama siku zote za misiba. Nikaenda peke yangu mpaka mlangoni.

"Vyako, dada," nikasema. "Leo ni vyako."